Kikohozi cha kijana kisichokwisha: namna ya kutafuta chanzo na kukitibu

Kijana akipata mafua, kikohozi hufuata, na mara nyingi huisha chenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Kikivuka hapo, au kikiisha na kurudi kila baada ya wiki chache, kinahitaji kupewa jina. Mtiririko wa makosa unafahamika: amoksilini kutoka duka la dawa, kisha azithromaisini, kisha chupa ya dawa ya maji ya kikohozi, kisha sindano, na katika safari yote hiyo hakuna aliyemwambia kijana ateme makohozi yapimwe wala apulize kifaa cha kupima pumzi. Miezi mitatu inakatika na chanzo hakijulikani. Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa kijana wa miaka 12 hadi 19, aliyeko Dodoma mjini, Kongwa, Bahi, Manyoni au kijiji chochote cha kanda ya kati.

Hali zisizosubiri

Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya: anashindwa kumaliza sentensi bila kukatisha avute pumzi, nyama za katikati ya mbavu zinabonyea kila anapovuta hewa, anasinzia ovyo au anachanganyikiwa, anakohoa damu mbichi, au kifua kimemchoma ghafla upande mmoja na pumzi ikawa fupi. Kwa ngozi nyeusi, ukosefu wa oksijeni uangalie kwenye ulimi na ufizi, ambavyo hugeuka rangi ya bluu au kijivu. Hesabu pia pumzi: mkalishe atulie, utazame kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Kijana aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ikifika 30, usingoje asubuhi. Zahanati yenye kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni itakupa namba ya oksijeni, na ikisoma chini ya 92 asirudishwe nyumbani. Rangi ya kucha na vidole vya baridi hupotosha kipimo hicho, kwa hiyo safisha kucha na pasha mkono joto kwanza.

Mwenye seli mundu akipata homa pamoja na maumivu ya kifua ni mgonjwa wa dharura tangu dakika ya kwanza, hata kama anaongea vizuri.

Daftari la siku saba

Kama hali si ya dharura, kabla ya kwenda tena kwa daktari andika kwa wiki moja. Daktari ana dakika chache za kukusikiliza, na daftari humpa kile ambacho kumbukumbu haiwezi kumpa. Andika saa ambayo kikohozi kinakuwa kikali, kilichotangulia (kukimbia, kufagia, kuwasha moto, kulala), makohozi ni ya rangi gani na yanajaa vijiko vingapi kwa siku, kama kuna homa ya jioni au jasho la usiku linalolowesha shuka. Andika dawa zote alizokwisha kutumia, pamoja na za kienyeji, na kwa siku ngapi. Usitupe maboksi, yabebe.

Halafu mpime uzito, na urudie baada ya wiki mbili kwa mizani ileile. Kijana wa umri huu anatakiwa aongezeke. Akibaki palepale kwa miezi kadhaa huku anakohoa, hiyo tayari ni dalili, si lazima apungue.

Kuna maswali ambayo ni afadhali aulizwe na nesi mkiwa nje ya chumba: sigara, bangi, shisha, na uhusiano wa kimapenzi. Mwache aulizwe. Lakini kazi anazofanya baada ya shule na wakati wa likizo zijue wewe. Kupura mtama na uwele kuanzia Mei hutoa vumbi laini linalowasha koo na kubana kifua. Katika mashamba ya zabibu ya Hombolo, Mpunguzi na Makutupora, unga wa salfa unaonyunyiziwa dhidi ya ukungu huchokoza njia za hewa moja kwa moja. Kuponda kokoto, au kusaga mawe ya dhahabu kama inavyofanyika kwa wachimbaji wadogo wa Singida, ni hatari ya namna nyingine: vumbi la silika hubaki ndani ya mapafu, hujenga makovu polepole kwa miaka, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Barakoa ya kitambaa hailizuii. Sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi ya machimbo, na mapafu yanaonyesha kwa nini.

Sasa lisome daftari. Kikohozi kikavu cha saa nane usiku hadi alfajiri, kinachokuja pia baada ya kukimbia au kwenye vumbi, na kifua kinachopiga filimbi, hicho kinaelekea pumu. Homa za jioni, jasho, kukonda, na mtu mwingine nyumbani au bwenini anayekohoa, hapo kifua kikuu kinatangulia. Makohozi mengi kila asubuhi kwa miezi mingi yanaelekeza kwenye njia za hewa zilizoharibika. Kikohozi cha mchana kutwa kinachonyamaza kabisa akishalala huwa mara nyingi ni cha mazoea, na dawa yake si vidonge. Dalili huchanganyika, kwa hiyo haya ni mwelekeo tu wa kipimo cha kuanza nacho.

Anza na kifua kikuu

Kwa kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kipimo cha TB hakirukwi, hata kama kila kitu kinaonekana kama pumu. Vipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali nchi nzima. Omba makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert. Zahanati isiyo na mashine hutuma sampuli kwenye kituo chenye nayo. Mashine hiyo hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi, na huonyesha pia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB.

Jibu linategemea sana kilichomo kwenye kikopo. Vijana wengi hutema mate kwa aibu, na mate hayaonyeshi kitu. Fanyeni hivi:

1. Asubuhi kabla ya kula, asukutue mdomo kwa maji matupu.
2. Atoke nje, mahali penye hewa, mbali na watu.
3. Avute pumzi ndefu mara mbili, kila mara aishike kidogo, kisha akohoe kutoka chini kabisa ya kifua.
4. Ateme ndani ya kikopo hadi ipatikane mililita 3 hadi 5, karibu kijiko kimoja cha chai. Kinachotakiwa ni kizito, chenye utelezi. Kikiwa chepesi kama maji, arudie.
5. Afunge kifuniko vizuri, akiweke kivulini, kifike maabara siku hiyohiyo. Kikopo kilichokaa juani kwenye pikipiki kutoka kijijini kinaweza kuharibu majibu.

Jibu la kutokuwa na TB haliondoi TB kabisa. Kama bado anakonda na ana homa, omba picha ya kifua. Kwa vijana TB mara nyingi hufanana na ya watu wazima, yaani mashimo sehemu ya juu ya mapafu, au maji yaliyojaa upande mmoja. Maji hayo hutolewa kwa sindano na kupimwa, hayatibiwi kwa kukisia. Jambo jingine linalopoteza ukweli ni dawa za kundi la siprofloksasini na levofloksasini. Hupunguza makali ya TB kwa muda, kijana anaonekana amepona, vipimo vinakuwa safi, kisha ugonjwa unarudi. Usikubali apewe hizo kwa kikohozi cha muda mrefu kabla ya makohozi kupimwa.

TB ikithibitika, matibabu ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne katika kidonge kimoja cha mchanganyiko, halafu miezi 4 ya dawa mbili. Idadi ya vidonge hufuata uzito, na kijana akipata nafuu uzito hupanda upesi. Hapo ndipo wengi hubaki na dozi ndogo. Kila anapopimwa uzito, uliza kama dozi inabadilika. Mkojo wa rangi ya chungwa si tatizo, ni rangi ya rifampisini. Macho ya manjano, kutapika kusikokoma, au kushindwa kutofautisha rangi ni sababu ya kurudi kliniki siku hiyohiyo. Ganzi ya miguu hutibika kwa vitamini B6, asiache dawa.

Homa na kikohozi hupungua ndani ya wiki chache za mwanzo, na hapo ndipo kijana anapoona amepona na kuanza kuruka siku. Chagua mtu mmoja wa kumwona akimeza. Anaweza kurudi shuleni pale kliniki inaporuhusu, kwa kawaida baada ya takriban wiki mbili za dawa kama vimelea si sugu. Wanaolala naye chumba kimoja wapimwe wote, na wasio na ugonjwa wapewe dawa ya kinga wakistahili. Walioambukizwa TB sugu zamani walipelekwa Kibong'oto, Kilimanjaro. Siku hizi huduma imesogezwa mikoani, kwa hiyo safari ndefu isiwe sababu ya kukata tamaa.

Siku hiyohiyo ya kipimo cha TB, apimwe na VVU. Wapo waliozaliwa na virusi wakafika ujana bila mtu kujua, na dalili yao ya kwanza inayoonekana ni kifua kisichopona, kimo kifupi kuliko wenzake na kuishiwa pumzi akipanda kilima. Mapafu ya baadhi yao yana vijia vidogo vya hewa vilivyoziba kwa makovu, na picha ya kawaida ya kifua inaweza kuonekana karibu safi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019, kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa.

Pumu, ambayo wengi hawataki kuitaja

Wazazi huogopa neno lenyewe, na matokeo yake mtoto anaitwa "mwenye kifua" kwa miaka kumi. Pumu ni njia za hewa zilizovimba ndani na zinazobana zikichokozwa. Kanda ya kati ina vichokozi vya kutosha: upepo na vumbi la Juni hadi Oktoba, baridi ya usiku ya Juni na Julai, moshi wa kuni.

Kuthibitisha ni rahisi mahali penye kile kifaa cha kupima pumzi kwa kupuliza. Kijana apulize kwa nguvu mara tatu, iandikwe namba kubwa. Apewe salbutamoli ya kuvuta mipulizo minne, asubiri dakika 15, apulize tena. Namba ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, ushahidi ni mzuri. Isipopanda siku ambayo hana dalili, haimaanishi hana pumu. Apimwe tena siku kifua kinabana.

Matibabu yana sehemu mbili, na watu huchukua moja. Salbutamoli (inhela ya bluu) hufungua kifua kwa saa chache lakini haigusi uvimbe. Steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni, hutuliza uvimbe, na ndiyo inayozuia vifo. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa inasema kijana wa miaka 12 na zaidi asitibiwe kwa salbutamoli peke yake. Chaguo linalopendekezwa ni inhela moja yenye budesonidi na formoteroli ndani, anayoivuta anapobanwa na, ikihitajika, kila siku. Ikikosekana au bei ikishinda, beklometasoni ya mikrogramu 100, mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni, ni dozi ndogo inayotosha vijana wengi. Nafuu huanza baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili, kwa hiyo asiiache siku ya nne akisema haifanyi kazi. Steroidi ya kuvuta haimfanyi mtu kuwa mtumwa wa dawa. Vidonge vya salbutamoli na aminofilini vina madhara mengi kwa faida ndogo, mwombe daktari inhela badala yake.

Sasa namna ya kuvuta. Ukimpa kijana inhela bila chemba, yaani chombo kitupu kinachokaa kati ya inhela na mdomo, sehemu kubwa ya dawa huishia kooni. Chemba ya dukani ni ghali, lakini chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita hufanya kazi hiyohiyo, na tafiti zimelinganisha zikaona hivyo. Chukua chupa safi isiyo na mikunjo. Weka mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa, uchore umbo lake kwa kalamu. Pasha waya au ncha ya kisu kwenye moto, yeyusha plastiki ukifuata ndani kidogo ya mstari, kwani tundu dogo unaweza kulipanua lakini kubwa halirudi. Inhela iingie kwa kubana. Penye mwanya zungusha utepe wa gundi. Ondoa vipande vyote vya plastiki vilivyolegea ndani, maana kijana atavivuta. Kisha osha chupa kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, suuza sehemu ya mdomo tu, iache ikauke yenyewe kichwa chini. Usiifute kwa kitambaa: kusugua plastiki huijaza chaji ya umeme, na dawa hunata ukutani badala ya kwenda kwenye mapafu. Oshea hivyo kila wiki.

Wakati wa kutumia, atikise inhela, aichomeke kitakoni, atoe pumzi, afunge midomo kuzunguka mdomo wa chupa. Abonyeze mara moja tu, avute taratibu hadi kifua kijae, ashike pumzi kwa hesabu ya kumi. Akiwa amebanwa asiweze kushika, avute na kutoa mara tano ndani ya chupa. Asubiri nusu dakika, atikise tena, mpulizo wa pili. Kosa kubwa ni kubonyeza mara mbili tatu kwa mkupuo, kwani matone hugongana na kuanguka. Kosa la pili ni kuvuta kwa kasi. Baada ya steroidi asukutue na kutema, vinginevyo hupata utando mweupe mdomoni. Kopo la salbutamoli huwa na mipulizo 200. Likishaisha dawa huendelea kutoa gesi tupu yenye sauti ileile, kwa hiyo hesabu, usilipime kwa kulitikisa.

Shambulio likija, mkalishe wima, mpe mipulizo minne ya salbutamoli, mmoja mmoja. Subiri dakika 20. Hajapata nafuu, rudia huku mnatafuta usafiri, na muendelee kumpa njiani. Kujifukiza kwa mvuke katika hali hiyo hakumfungui kifua, na maji ya moto yameunguza wengi.

Kama anasoma bweni, inhela ya bluu isifungiwe kwa matroni wala ofisini. Iwe mfukoni kwake mchana na chini ya mto usiku. Mwandikie mwalimu barua yenye mistari mitatu: dawa gani, mipulizo mingapi, na lini aitwe mzazi.

Kimeo hakihusiki

Katika vijiji vyetu kikohozi kirefu bado hupelekwa kwa mkata kimeo. Kimeo hakisababishi kikohozi cha muda mrefu, na kukikata hakukiponyi. Wanaokatwa huvuja damu, hupata maambukizi ya koo na pepopunda, na wembe mmoja ukitumika kwa wengi husambaza VVU. Hasara inayosahaulika ni muda, kwani familia husubiri kidonda kipone huku TB ikiendelea. Mzee anayeheshimika nyumbani akilisisitiza jambo hili, mwombe aje naye hospitali asikie matokeo ya vipimo. Hilo husaidia kuliko kubishana.

TB haipo, pumu haipo

Omba rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa zina madaktari bingwa. Kabla ya rufaa, tazama vidole: kucha zikiwa zimevimba kuelekea juu kama mgongo wa kijiko, na kila asubuhi anatema makohozi ya manjano au kijani, huenda ana bronkiektasia, yaani njia za hewa zilizopanuka na kulegea baada ya surua, nimonia kali au TB ya zamani. Tiba yake kubwa ni ya mikono: mara mbili kwa siku, dakika 15, alale kwa mkao ambao sehemu iliyoharibika iko juu, avute pumzi ndefu na kutoa kwa nguvu "haa" mdomo wazi hadi makohozi yatoke. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha mkao sahihi. Antibayotiki hutumika makohozi yanapoongezeka au kubadilika rangi, kwa siku 14 kwa kawaida.

Anayeamka usiku na kukaa ili apumue, anayechoka haraka na miguu ikavimba, huenda moyo wake umeathirika na homa ya baridi yabisi iliyotokana na koo lisilotibiwa. Anahitaji kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Kikohozi kilichoanza ghafla baada ya kupaliwa na karanga au mfuniko wa kalamu, na mluzi unaosikika upande mmoja tu, ni kitu kilichokwama ndani na hutolewa kwa kamera. Kwa familia za wafugaji wenye mbwa wengi, picha ikionyesha kitu cha mviringo kama mpira, inaweza kuwa kifuko cha minyoo ya mbwa. Kisitobolewe kwa sindano kabla daktari wa upasuaji hajakiona.

Pua iliyoziba na kuwasha mwaka mzima pia hutosha kuendeleza kikohozi, na hutibiwa kwa steroidi ya kupuliza puani kwa wiki kadhaa, kichwa kikiinamishwa mbele na si nyuma.

Nyumbani wakati wa matibabu

Jiko la kuni litoke kwenye chumba cha kulala. Kwenye nyumba ya tembe yenye mlango mfupi na kidirisha kimoja, moshi hukaa usawa wa kichwa cha aliyelala. Kupikia kwenye banda la pembeni hubadilisha mengi, na tundu la pili upande wa pili wa ukuta hufanya hewa ipite, jambo linalopunguza pia kuenea kwa TB. Kufagia kufanyike baada ya kunyunyiza maji, na si na kijana mwenye pumu. Maziwa yachemshwe hadi yafoke. Mbu wakilazimu dawa, chandarua ni salama kwa kifua kuliko dawa ya kuchoma.

Ukirudi kliniki, beba daftari, inhela na ile chupa, maboksi ya dawa na kadi ya uzito. Mwambie kijana avute dawa mbele ya daktari badala ya kueleza anavyovuta. Kama dalili hazijapungua baada ya wiki nne za tiba ya pumu, namna anavyovuta ndiyo ya kuangalia kwanza kabla ya kuongeza dozi, na baada yake moshi, na baada yake kama jina la ugonjwa lilikuwa sahihi.